Maswali yenu: magazini ya bastola ikivuka mpaka wa jimbo

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani, hasa madereva wa malori na wale wanaohama jimbo kufuata kazi. Wengi wanauliza kuhusu bastola. Wachache mno wanauliza kuhusu magazini, kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, na huko ndiko watu wanakoumia.

Naishi Columbus, Ohio. Nina grini kadi na kibali cha kubeba bastola. Kampuni imenipangia safari ya New Jersey kila wiki. Nikitoa risasi na kuifungia Glock 17 yangu kwenye sanduku, niko salama?

Hapana, ndugu yangu. Iache nyumbani.

Kwanza, New Jersey haitambui kibali cha kubeba silaha cha jimbo jingine lolote. Lakini hata tukiweka kibali kando, shika hiyo magazini mkononi uigeuze nyuma. Utaona vitundu vidogo vyenye namba, na namba ya mwisho ni 17. New Jersey kikomo ni 10 tangu 2018. Kabla ya hapo kilikuwa 15. Na sheria haihesabu risasi zilizomo, inahesabu zinazoweza kuingia. Magazini tupu iliyoviringishwa kwenye soksi nyuma ya kiti cha lori ni kosa lilelile, hadi miezi 18 jela na faini hadi dola 10,000. Ohio haina kikomo. Pennsylvania nayo haina, kwa hiyo utaendesha saa nyingi bila wasiwasi. Kisha unavuka mto Delaware kwa daraja la I-78, na kitu ulichokuwa nacho kihalali dakika mbili zilizopita kimekuwa jinai.

Najua kuna atakayekutajia sheria ya shirikisho ya 1986 inayomlinda msafiri. Ile inamlinda anayepita tu, akitoka mahali anaporuhusiwa na kwenda mahali anaporuhusiwa. Wewe unashusha mzigo New Jersey, hupiti. Isitoshe, sheria hiyo inataja silaha na risasi, magazini haikuitaja.

Hili hukuuliza, ila nitakuambia. Raia akihukumiwa kwa kosa la silaha atafungwa na kulipa faini, basi. Mwenye grini kadi anaweza kupelekwa pia mbele ya hakimu wa uhamiaji na kufukuzwa nchini, hata akiwa amekaa miaka 20 na watoto wake wamezaliwa huko. Mawakili wanaweza kubishana kama magazini peke yake inaingia kwenye kifungu hicho. Wakati wanabishana, wewe uko mahabusu na lori la watu limeegeshwa polisi.

Magazini "kubwa" Marekani ni ya risasi ngapi?

Nimeshalijibu hili mara nyingi na bado linakuja vilevile. Hakuna "Marekani" hapa, kuna majimbo. Marufuku ya shirikisho ya 1994 ilikwisha muda wake Septemba 2004 na haijarudishwa. California, New York, New Jersey, Connecticut, Massachusetts, Maryland, Rhode Island na Washington (jimbo, si mji mkuu) kikomo ni 10. Colorado ni 15. Delaware ni 17. Illinois na Vermont ni 10 kwa bunduki ndefu na 15 kwa bastola. Hawaii ni 10 kwa bastola. Texas, Ohio, Arizona na Georgia hazina kikomo. Hifadhi orodha hii kwenye simu, na kila ukihama ulizia upya, maana namba hizi hubadilika.

Nilinunua kabla ya sheria kupita. Si naruhusiwa kubaki nayo?

Unaishi wapi? Nusu yenu hamsemi, kisha mnataka jibu. Colorado, kama ulikuwa nayo kabla ya Julai 1, 2013 na haijatoka mikononi mwako, baki nayo. Washington ilipiga marufuku kuuza na kuingiza kuanzia Julai 2022, haikugusa zilizokuwa tayari majumbani. Illinois unaweza kubaki nayo, ila si ya kutembea nayo mjini. New Jersey na Rhode Island hazikumwachia mtu wa kawaida nafasi hiyo: uza nje ya jimbo, irekebishe au isalimishe, na muda wa kufanya hivyo ulishapita. Kuhama nayo kutoka jimbo moja hadi jingine ni suala jingine kabisa. Washington, kwa mfano, wanaita hiyo kuingiza.

Mhalifu hasomi sheria. Mnawabana watu wema bure.

Huyu ameandika kwa hasira, na namjibu kwa utulivu kwa sababu jambo hili linaniuma.

Januari 8, 2011, huko Tucson, Arizona, kijana mmoja alimfuata mbunge Gabrielle Giffords akizungumza na wananchi nje ya duka. Bastola yake ilikuwa na magazini ya risasi 33. Zilikwisha. Alipokuwa anabadilisha magazini, watu walimrukia na kumwangusha, na mwanamke wa miaka 61 aliyekuwa chini karibu naye akaikamata magazini ya pili isimfikie. Watu 6 walikuwa wameshakufa. Miaka miwili baadaye Mark Kelly, mume wa Giffords, aliieleza kamati ya Seneti kwamba risasi ya kwanza ilimpata mkewe kichwani, na risasi ya 13 ilimpata mtoto wa kike wa miaka 9. Hesabu mwenyewe. Kwa magazini ya risasi 10, ule mwanya wa kumwangusha ungefika kabla ya risasi ya 13.

Shule ya msingi ya Sandy Hook, Connecticut, Desemba 2012: risasi 154 kwa muda usiofika dakika 5, magazini za 30, watoto 20 na watu wazima 6. Katika darasa moja bunduki iliponyamaza kidogo, watoto kadhaa walitoka mbio wakapona. Kunyamaza huko ndiko sheria hii inakotafuta. Haidai kwamba mhalifu atatubu. Inadai kwamba alazimike kusimama, na mtoto apate sekunde tatu za kufika mlangoni.

Nakubali kwamba mtu anaweza kununua Arizona akavusha hadi California. Ndiyo maana nasema kila mara kwamba kikomo kirudishwe nchi nzima. Tundu kwenye wavu halikufanyi uutupe wavu.

Nimeona WhatsApp kwamba mahakama imefuta kikomo cha California.

Habari ya zamani. Jaji Roger Benitez alikifuta mwishoni mwa Machi 2019, na kwa muda wa wiki moja hivi watu walinunua magazini kubwa kihalali, kisha mlango ukafungwa. Alikifuta tena 2023. Machi 2025 jopo la majaji 11 wa mahakama ya rufani likasema, kwa kura 7 dhidi ya 4, kwamba kikomo ni halali. Usinunue kitu kwa kufuata ujumbe uliosambazwa.

Niko kwa visa ya mwanafunzi. Rafiki ameniachia begi lenye bastola na magazini mbili.

Mpigie sasa hivi aje alichukue. Mwenye visa yako, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji, haruhusiwi na sheria ya shirikisho kushika silaha wala risasi, jimbo lolote.

Shangazi yuko Texas. Anaweza kunitumia ya 30 kwa posta hapa Seattle?

Hawezi. Seattle iko jimbo la Washington, na huko ndiko kuingiza nilikokutaja juu. Usimwingize mama wa watu kwenye kesi.

Nataka kumpelekea kaka magazini tupu Dar. Ni chuma tu, hakina risasi.

Usithubutu. Kumpelekea mtu nje ya Marekani kunahitaji kibali cha usafirishaji, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Mkaguzi wa uwanja wa ndege akikiona kwenye skrini hatakiita chuma. Mpelekee simu.

Nimenunua gari la mtumba hapa Newark, New Jersey, nikakuta magazini ndefu chini ya kiti.

Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuendesha. Liache gari lilipo, usiiguse, usiitupe kwenye pipa. Piga picha, mpigie wakili, kisha kituo cha polisi kwa namba isiyo ya dharura, uwaombe waje kuichukua. Usiipeleke mwenyewe. Na hati ya mauzo yenye tarehe, iweke mahali utakapoipata haraka.