Sinema ya 3D sebuleni: anza na skrini, projekta baadaye

Nisikufiche, kosa langu lilikuwa kukimbilia projekta. Nilinunua mbili za DLP (aina inayotengeneza picha kwa vioo vidogo vidogo), mtumba ila modeli moja, nikarudi home nachekelea, nikatundika shuka jeupe ukutani nikagawa miwani... chenga tupu. Kila mtu kwenye muvi ana mzimu wake pembeni, shemeji akavua miwani akasema bora aangalie taarifa ya habari.

Kumbe mchawi ni lile shuka. Iko hivi, projekta moja inatoa picha ya jicho la kushoto nyingine la kulia, mbele ya kila lenzi unaweka filta ya polaraizi (inapitisha mwanga unaotikisika mwelekeo mmoja tu), moja nyuzi 45 nyingine 135, na miwani ina filta hizohizo kwa hiyo kila jicho linapata picha yake tu. Sasa kitambaa au ukuta mweupe unavuruga mwelekeo wa ule mwanga, macho yote yanapata picha zote. Ndo maana kumbi nyingi za 3D zinafunga skrini ya silva.

Mimi nilichukua plaiwudi, nikapiga msasa mpaka kiganja kikawa kinateleza, nikapaka rangi ya silva ileile ya mageti, tabaka mbili, kwa rola ya sponji. Brashi achana nayo, inaacha michirizi na ukizima taa yote unaiona.

Ikikauka washa projekta moja tu yenye filta, vaa miwani, fumba jicho moja moja. Moja lione picha kali, lingine giza karibu lote. Kama yote yanaona, hiyo rangi haifai, usiendelee kutoa hela. Na usiokote miwani ya RealD (ile ya kumbi za sinema) ukadhani umepona, ile ni polaraizi ya mzunguko, haiendani na filta za nyuzi 45.

Kupanga sasa, pandisha projekta moja juu ya nyingine, ulenge picha zilaliane kabisa (mimi ilinila jioni nzima na vipande vya mbao chini ya miguu). Filta isigusane na lenzi, joto litaikunja. Kwenye laptopu tandaza deskitopu (Extend) kwenye projekta zote mbili, halafu vuta dirisha la pleya lifunike zote, faili ya muvi ya 3D yenye picha mbili ubavu kwa ubavu inajigawa yenyewe.

Ukiona mlima uko mbele na mtu kazama nyuma yake, picha za macho zimebadilishana, ya kushoto inaenda kulia. Geuza miwani juu chini, ikikaa sawa badilisha filta tu.