Mkuu, chomoa hiyo sola kwenye tundu la sigara, kapime betri yenyewe

Chomoa. Nimesoma bandiko lako mpaka pale uliposema taa ya bluu inapepesa vizuri kwa hiyo betri inachaji, nikashindwa kuendelea na kazi zangu. Hiyo taa haijui hata kama una betri. Inalishwa na paneli yenyewe. Jua likiigusa paneli, taa inawaka, hata kama waya wa upande wa pili umeulaza kwenye kapeti. Ni bomba linalokuonyesha kwamba maji yanatoka. Kama ndoo ipo chini yake, hilo halikuambii.

Kwa wanaoingia sasa: jamaa anasafiri miezi minne, gari linabaki nje, na amenunua kipaneli cha wati 1.5 cha kubandika kioo cha mbele kwa ndani, kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Anauliza kama wati hizo zinatosha, kama alifunike gari na turubai, tairi azifanyeje, na tangi aliache limejaa au tupu. Maswali mazuri; la wati na la turubai tutayafikia, ya tairi na tangi nawaachia wengine.

Mimi nilikuwa na kidude hichohicho. Na kabla hamjaniuliza mbona sikujaribu kwanza, nilijaribu. Nilizima gari, nikatoa ufunguo, nikachomeka chaja ya simu kwenye tundu, simu ikachaji. Nikasema basi, tundu lina umeme hata gari likiwa limezimwa, kwa hiyo njia ya kwenda kwenye betri ipo. Nikachomeka paneli, nikafunga milango, nikasafiri kwa amani kabisa.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba magari mengi hayakati umeme wa tundu hapo hapo. Mengine hukata ukitoa ufunguo, lakini mengine kompyuta yake inasubiri, dakika kadhaa, nusu saa, hata zaidi, ndipo relei, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme, inakata. Kuanzia hapo tundu na betri havijuani tena. Paneli yangu ikakaa pale miezi, jua linachomoza, jua linazama, inalisha taa yake. Sidhani kama kuna taa duniani iliyowahi kutunzwa vizuri kuliko ile.

Betri huku nyuma inanyonywa. Gari lililozimwa halijafa, limelala: alamu inasikiliza, kipokezi cha rimoti kinasubiri, saa inahesabu, kompyuta zinashikilia kumbukumbu. Gari la kisasa lisilo na hitilafu hula miliampea 20 hadi 50 likiwa limelala. Chukua 40: kwa siku ni karibu ampea-saa 1. Betri ya ampea-saa 60 ikitoka imejaa, mwezi mmoja imebaki nusu, miezi miwili imekwisha. Na ubaya unaanza hasa baada ya kuisha, maana betri ya risasi ikikaa tupu inaoza kwa ndani. Salfeti inayojitengeneza kwenye sahani zake huondoka ukiichaji mapema; ukiiacha wiki juu ya wiki inakomaa kuwa fuwele ngumu ambazo chaja haiziondoi tena.

Niliporudi rimoti haikufungua kitu. Nikatoa ule ufunguo wa chuma unaofichwa ndani ya rimoti, ambao nilikuwa sijawahi kuutumia tangu nilinunue gari, nikafungua mlango kwa mkono. Ndani giza, hakuna hata mlio. Juu ya dashibodi taa ya bluu inapepesa kwa furaha. Nilitaka kuing'oa kwa meno.

Mita ikasoma chini ya volti 4. Nikachomeka chaja ya kisasa, ile yenye akili, ikakataa kufanya kazi, ikasema hakuna betri. Ndivyo zilivyo, betri ikishuka sana hazioni kitu cha kuchaji. Hapo ndipo fundi alipoingia. Akaiboosti kutoka kwenye gari lake, likawaka, akaniambia: "Endesha tu safari ndefu, alteneta itaijaza." Mpaka leo nikimwona nabadilisha njia ili tusigombane mbele za watu.

Alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, kazi yake ni kurudisha kile kidogo kilichotumika kupiga stata, halafu kulisha gari linapotembea. Haikutengenezwa kufufua maiti. Ukiipa betri iliyokufa inatoa umeme wote inaoweza, muda wote, na inapata moto. Yangu ikaunguza diodi, kile kidude kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Na mimi sikujua, kwa sababu gari liliendelea kutembea. Nilichoona ni kwamba betri ya zamani haishiki chaji, nikanunua mpya.

Sasa sikieni. Diodi ya alteneta ikiungua vibaya, umeme unavuja kurudi nyuma kutoka kwenye betri gari likiwa limezimwa. Betri mpya kabisa, asubuhi haipigi stata. Nikamgombeza aliyeniuzia betri, maskini ya Mungu, hakuwa na kosa lolote. Halafu nikarudi kwa yule muuzaji wa sola kumweleza kwamba betri inakwisha usiku. Unajua alinishauri nini? Ninunue paneli kubwa zaidi. Nikanunua. Chekeni haraka tumalize, kuna mambo ya kuandika.

Paneli kubwa, tundu lilelile.

Aliyenitoa ni fundi umeme mwingine kabisa. Alikuja na mita, akapima umeme unaovuja gari likiwa limelala, akachomoa waya mnene wa alteneta, uvujaji ukaisha. Ndipo akaona waya unaotoka kwenye dashibodi, akaniuliza kwa upole, "Hii sola umeichomeka ili ichaji nini?" Upole wake ndio uliouma. Jumlisha mwenyewe: betri, alteneta, paneli mbili, na heshima yangu kwa muuza betri.

Muuzaji yule simsamehi, kwa sababu alijua. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi yenye maandishi ya kusomwa na sisimizi, na humo imeandikwa uhakikishe tundu lina umeme muda wote. Juu ya boksi picha kubwa ya kidude kimechomekwa kwenye tundu, na neno "hutunza betri". Na hawa wanaorekodi video, gari juani, taa inapepesa, "mnaona wadau?" Tunaona nini? Hakuna hata mmoja aliyefungua boneti.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitaisema mpaka mnichoke: namba inasomwa kwenye vichwa vya betri, gari likiwa limelala. Tundu lisikudanganye, simu isikudanganye. Fungua boneti kwanza, kisha funga milango yote na rimoti uiweke mbali, subiri saa nzima. Usifungue mlango tena, ukifungua kompyuta inaamka na unaanza upya. Jua likiwa kali, weka mita kwenye vichwa vya betri, isome mpaka tarakimu mbili baada ya nukta. Mwambie mtu afunike paneli kwa nguo nzito kutoka nje ya kioo. Subiri dakika chache. Namba ikishuka, na mkifunua ikapanda tena, njia ipo. Isipotikisika, ulichonacho ni pambo.

Na jifunze kusoma hiyo namba. Betri ya maji iliyojaa na kupumzika saa kadhaa inasoma 12.6 au 12.7. Kwenye 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Chini ya 11.9 usiseme "bado ipo ipo", imekwisha. Kusoma mara tu baada ya kuendesha ni kujidanganya, inakuwa bado imevimba na chaji ya juu juu.

Wati ulizouliza: hata ukikiunganisha sawasawa, hicho kipaneli hakitoshi. Wati 1.5 ni kama miliampea 80 jua likiwa limesimama wima na paneli inalitazama. Wewe unailaza kwenye dashibodi nyuma ya kioo chenye rangi, ukipata nusu ushukuru. Miliampea 40 kwa saa tano za jua la maana ni ampea-saa 0.2, na gari linakula 1. Unachelewesha msiba tu. Tafuta ya wati 10 hadi 20, ikae nje kwenye jua, waya zake ziende moja kwa moja kwenye betri na fyuzi karibu na kichwa cha chanya. Kama gari lako lina kile kisensa kwenye hasi ya betri, kinachopima umeme unaoingia na kutoka, waya hasi ufunge kwenye bodi ya gari, usiufunge kwenye kichwa, vinginevyo kompyuta haitauona umeme unaoingia. Na angalia kivuli. Seli za paneli zimeungwa mnyororo mmoja, tawi moja likizifunika chache tu unaweza kupoteza sehemu kubwa ya umeme wote.

Ukifika kwenye wati hizo weka kontrola, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri kudhibiti chaji. Hapa kuna kundi lingine la wapotoshaji watakaokuambia paneli yenye diodi haihitaji kontrola. Diodi inazuia umeme kurudi kwenye paneli usiku, basi. Haizuii kitu mchana. Paneli inayoitwa ya volti 12, isipovutwa na mzigo, inatoa volti 21 au 22. Betri ikishajaa na wewe upo safarini, paneli inaendelea kuisukuma kupita volti 14.4, maji ya betri yanavunjika kuwa gesi ya haidrojeni na oksijeni, na sahani zinabaki wazi. Kontrola inaishusha mpaka 13.5 au 13.8 na kuishikilia hapo. Unganisha betri kwanza ndipo paneli; wakati wa kuchomoa, paneli kwanza. Ya PWM, ile aina rahisi, inatosha kwa kazi hii, usikubali kulipia zaidi kwa neno MPPT, ile aina ya ghali, lililobandikwa kwenye boksi.

Na turubai? Mkuu, ukifunika gari ukafunika na paneli, tutaongea nini tena? Kama lazima ufunike, achana na sola kabisa. Jaza betri kwa chaja mpaka mwisho, vua waya hasi, nenda zako. Utapoteza saa na vituo vya redio, na redio nyingine zitadai namba ya siri, itafute kabla hujavua. Alamu nayo italala. Lakini betri iliyojaa isiyonyonywa na gari inamaliza miezi minne bila shida, inapungua asilimia chache tu kwa mwezi, zaidi kidogo kwenye joto. Kusema kweli hii ndiyo njia ambayo muuzaji angekuambia kama asingekuwa na boksi la kuuza.

Ila najua utatumia sola, umeshainunua. Sawa. Basi kabla hujaondoka fanya kile kipimo na ulete namba hapa: ya paneli ikiwa imefunikwa na ya paneli ikiwa wazi, gari limelala saa nzima. Na useme betri yako ni ya maji au AGM, ile iliyofungwa ambayo asidi yake imenyonywa ndani ya mikeka, maana AGM iliyojaa inasoma juu kidogo, 12.8 hivi, nisije nikakuambia imejaa kumbe inadai.