Mwaka Mzima Maktaba, Bila Kuazima Kitabu

Mwaka wangu wa kwanza pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikuwa mtu wa maktaba. Saa mbili asubuhi nipo mlangoni, kitambulisho mkononi, nawahi meza yenye soketi. Nikipiga simu nyumbani najisifu kabisa. Mwaka ulipoisha ndipo nikagundua kwamba sikuwa nimeazima hata kitabu kimoja. Nilikuwa naingia na madesa yangu, zile nakala za notsi za kozi, nayasoma, natoka nayo. Ningekaa chini ya mwembe ningepata elimu ile ile, ningekosa umeme tu.

Kilichonizindua ni kazi ya semina ya mwaka wa pili. Tulipewa ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga Tanganyika, ulioanza Kongwa mwaka 1947, ukasambaa hadi Nachingwea na Urambo, ukafa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Nilijaza kurasa nane kwa desa moja na vipande vya mtandaoni. Kazi ikarudi na 9 kati ya 20, na swali moja kwa wino mwekundu: umesoma kitabu gani? Sikuwa na jibu.

Nikajikongoja hadi kaunta. Mama mkutubi akaniuliza nataka nini. Nikasema, "Shikamoo mama, nataka historia ya Tanganyika." Akaitikia marahaba, akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, hiyo ni rafu kuanzia hapa mpaka kule ukutani. Wewe unataka kujua nini?"

Nikababaika kidogo, kisha nikasema nataka kujua kwa nini karanga za Kongwa zilikataa kustawi.

"Haya, sasa umesema."

Ushauri wangu wote umelalia hapo. Usiingie na mada, ingia na swali. Ukishakuwa nalo, mkutubi anakuokolea siku nzima kwa dakika kumi, na hiyo ndiyo kazi aliyoisomea. Wanafunzi wengi tunamchukulia kama mlinzi wa vitabu, tunamwendea tukitaka kujua choo kiko wapi.

Mama yule alinifundisha kusoma ule mgongo wa kitabu, herufi na namba nilizokuwa nikizipita kama namba za daladala. Mfumo tunaoutumia ni wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Historia ya Tanzania utaikuta DT, kuanzia 436 mpaka 449. Kiswahili kiko PL, 8701 hadi 8704. Ila karanga ni zao, kwa hiyo vitabu vingine vimejificha SB, pamoja na mahindi na pamba, na vya uchumi wa ardhi na kilimo viko HD. Mada moja, rafu tatu. Mimi nilikuwa nimechungulia moja, sikuona kitu, nikahitimisha kwamba maktaba haina kitabu. (Kama chuo chenu kinatumia Dewey, mfumo mwingine wa kupanga vitabu, somo litaanza na namba badala ya herufi, lakini mchezo ni huo huo.)

Kisha tukakaa kwenye kompyuta ya katalogi. Nilikuwa nimeandika Tanzania. Akacheka. Jina Tanzania limezaliwa mwaka 1964, mwandishi wa 1950 angelitoa wapi? Tukaandika Tanganyika, orodha ikafunguka. Tukaandika karanga kwa Kiingereza kwa namna mbili, maana Mwingereza huita groundnuts na Mmarekani huita peanuts, na kompyuta haijui kwamba ni punje zile zile. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa katalogi, naandika kwenye daftari majina yote ambayo kitu kimewahi kuitwa: ya zamani, ya sasa, ya Kiswahili na ya Kiingereza.

Ukifika kwenye rafu, usichomoe kitabu kimoja ukakimbia. Angalia cha kushoto na cha kulia, vimewekwa majirani kwa sababu. Kisha fungua nyuma kwanza. Kwenye faharasa utaona mada yako imetajwa kurasa ngapi, na kwenye marejeleo utaona mwandishi naye alichota wapi. Kitabu cha kurasa 400 kinaweza kuwa na kurasa 11 tu zinazokuhusu. Soma hizo 11, kirudishe. Hakuna mtihani wa kumaliza kitabu.

Mahali nilipopapenda kuliko pote ni sehemu ya East Africana, inayotunza maandishi kuhusu ukanda wetu. Vitu vya pale huondoki navyo, unasomea hapo hapo. Mara ya kwanza niliwekewa mezani juzuu la magazeti ya 1948, kubwa kama sinia la pilau, karatasi zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukigeuza kwa pupa pembe inakatika. Nililifuata kwa ajili ya karanga, lakini saa nzima ilipotelea kwenye matangazo ya baiskeli na cherehani. Siijutii. Nilipoanza kuandika, wale watu wa Kongwa hawakuwa tena sentensi ya kwenye desa, walikuwa na bei za vitu na shida ya maji. Kama unasoma historia, fasihi au sheria na hujawahi kuketi pale, hujaionja Mlimani.

Mwaka wa tatu, kabla hujaandika pendekezo la utafiti, omba tasnifu za waliokutangulia katika idara yako. Utaona sura zinavyopangwa, urefu unaotakiwa, na zaidi utaona nani alishafanya jambo ulilodhani umelibuni wewe.

Sasa kero. Kuna wanafunzi wanaficha vitabu. Kozi ina watu 200, nakala ziko nne, basi mmoja anachukua nakala ya sheria ya mikataba anaichomeka katikati ya vitabu vya jiolojia, kesho arudi peke yake. Kitabu kilichokaa mahali si pake ni sawa na kilichoibwa, hata mkutubi hawezi kukipata. Ukikosa kitabu rafuni wakati katalogi inasema kipo, toa taarifa, na uliza kama kuna nakala kaunta. Vile vinavyogombewa mara nyingi huwekwa huko, unaviazima kwa saa chache tu. Wahi asubuhi.

Kuhusu mtandao nitasema machache. Usilipie makala kwa pesa ya bumu, ile ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi. Rafiki yangu alitaka kulipa zaidi ya dola 30 kwa makala moja ya afya, kumbe ilikuwa bure kupitia Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, na ambao sasa ni sehemu ya Research4Life, muungano wa mipango ya aina hiyo, pamoja na AGORA ya kilimo. Chuo kikiwa kimejiunga, unafungua ukiwa kwenye mtandao wa chuo au kwa maelezo ya kuingilia unayopewa na wakutubi. Ukikwama kabisa, mwandikie mwandishi mwenyewe barua pepe ya mistari mitatu. Mimi nimeandika mara nne, watatu walinitumia makala, mmoja siku ile ile. Na weka Zotero kwenye laptopu tangu mwaka wa kwanza, ni programu ya bure ya kutunza marejeleo. Usije ukaanza kusaka mwaka wa toleo na jina la mchapishaji usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi.

Rudisha vitabu. Mimi nilisafiri na kimoja hadi Songea likizo ya Julai, nikakisahau juu ya kabati la mama. Nilikikumbuka nilipokuwa naklia, yaani nakusanya sahihi za kuonyesha sidaiwi kitu, baada ya kumaliza chuo, fomu ina sahihi zote isipokuwa ya maktaba. Faini nililipa, lakini kilichoniuma zaidi ni nauli ya kukituma kwa basi na siku tatu za kwenda stendi kuulizia bahasha.

Mwisho, beba sweta. Meza nzuri zote ziko chini ya kiyoyozi.