Kihisi cha fuwele ya kwatsi: kingamwili baadaye, anza na maji matupu

Msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho ukianza, vijana wa Mbeya na Iringa hunitafuta. Wanataka kutengeneza kihisi cha kupima sumukuvu kwenye mahindi, au bakteria kwenye maziwa ya Rungwe. Swali la kwanza karibu kila mara ni hili: "Shikamoo mwalimu, kingamwili tunaagiza wapi?" Marahaba, lakini hizo protini za kunasia sumu au bakteria ziache kwanza. Umeshapitisha maji matupu ukaona fuwele inatulia?

Kwa asiyekijua kifaa chenyewe: ni kisahani chembamba cha kwatsi chenye dhahabu pande zote mbili. Ukikipa umeme kinatikisika, uso mmoja ukienda huku na wa pili kule, mara milioni 5 kwa sekunde kama ni cha megahezi 5. Kitu kikinata juu yake, masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yanashuka. Mjerumani Günter Sauerbrey alitoa hesabu yake mwaka 1959: kwa fuwele ya megahezi 5, kushuka kwa hezi 1 ni kama nanogramu 17.7 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa ya megahezi 10 ni 4.4, na ndiyo maana wengi wanaikimbilia. Mimi nasema baki na ya 5. Unene wake ni theluthi moja ya milimita, ya 10 ni nusu ya hapo, na mkono unaojifunza kukaza skrubu za chemba, kijumba kinachoishika fuwele, hauna huruma.

Tatizo ni kwamba hesabu ya Sauerbrey ni ya utando mwembamba, mgumu, uliotandaa sawasawa. Sisi tunafanya kazi ndani ya kimiminika. Maji yakigusa upande mmoja tu, fuwele ya megahezi 5 inashuka hezi 700 na ushee, na watafiti Kanazawa na Gordon walieleza mwaka 1985 kwamba hilo linatokana na mnato na msongamano wa kimiminika. Mnato nao hufuata joto. Karibu na nyuzi 25, badiliko la nyuzi moja tu linasogeza masafa kwa takriban hezi 8, wakati ishara unayoitafuta huenda ni hezi 20 au 30. Sasa fikiria maabara ya Mbeya mwezi Julai. Mchana jua linapiga dirishani, grafu inapanda. Jioni baridi ya mlima Loleza inarudi, grafu inashuka taratibu, nzuri kabisa, na mtu anaandika "bakteria wamenata".

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye joto. Nunua lile boksi jeupe la kuhifadhia samaki, weka chemba ndani pamoja na kipasha joto kidogo na kipimajoto, kisha uliweke kwenye nyuzi 30. Usichague 22. Kipasha joto hakiwezi kupoza, hivyo lazima uwe juu ya joto la chumba saa zote.

Halafu mapovu. Bafa, yale maji ya chumvi yasiyobadilika asidi tunayopitisha kwenye chemba, ikilala usiku wa baridi inabeba hewa nyingi, na ikifika kwenye chemba yenye joto hewa hiyo inatoka. Povu dogo kuliko punje ya ulezi linakaa pembeni ya oringi, ile pete ya mpira inayozuia kuvuja, na masafa yanaruka juu ghafla. Pasha bafa kwanza ipite kidogo joto la chemba, iache itoe hewa, na uilaze chemba kimshazari, tundu la kutokea likiwa juu.

Maji yakitulia, ndipo tuongelee unachokipima. Mtikisiko wa fuwele ya megahezi 5 unafika nanomita 250 tu ndani ya maji. Bakteria ana urefu wa mikroni moja na zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwili wake iko nje ya eneo hilo. Akishikwa kwa vinyuzi vilegevu, masafa yanaweza hata kupanda. Usipime masafa peke yake. Pima pia jinsi mtikisiko unavyofifia umeme ukikatwa.

Sumukuvu ni kinyume: ni ndogo mno. Aina ya aflatoksini B1 ina uzito wa molekuli 312, kingamwili kama 150,000. Pandikiza sumukuvu iliyounganishwa na protini juu ya dhahabu, kisha changanya sampuli ya mahindi na kingamwili kabla ya kuipitisha. Sumu ikiwa nyingi, kingamwili zinakamatwa hukohuko, chache tu zinanata kwenye dhahabu, na masafa yanashuka kidogo. Ikiwa chache, yanashuka sana. Kikomo cha Afrika Mashariki kwa B1 kwenye mahindi ni mikrogramu 5 kwa kilo, kwa hiyo pima uwezo wa kifaa hapo, si kwenye mia.

Maziwa ndiyo kichwa ngumu, kwa sababu mafuta na kaseini, protini ya maziwa, vinanata popote. Yapunguze kwa bafa, ziba nafasi zilizobaki kwenye dhahabu kwa kaseini kabla ya kipimo, na weka fuwele ya pili yenye kingamwili isiyohusiana kabisa na bakteria wako. Pitisha maziwa yaleyale kwenye zote mbili. Tofauti kati yao ndiyo namba ya kuandika kwenye ripoti.