Kalisiamu ya kukisia: maswali yenu kuhusu mifupa

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya mifupa. Msomaji wa siku nyingi anajua kwamba nyuma ya tezi ya shingo kuna vijitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, vinavyotoa homoni ambayo maabara huiandika PTH. Ila kuna jambo moja lisilowaingia watu kichwani: vijitezi hivyo hulinda kalisiamu ya damu. Mifupa kwao ni ghala tu, na damu ikipungukiwa vinachota humo bila huruma.

Dokta, nina miaka 58, magoti na mgongo vinaniuma. Famasi ya hapa mtaani inanichoma sindano ya kalisiamu kila mwezi. Nasikia joto mwili mzima na nguvu zinarudi. Niendelee? (Mama wa Kadutu)

Hapana, mama. Acha leo. Joto hilo ni mishipa ya damu inayotanuka kalisiamu inapoingia kwa haraka, wala si nguvu. Ikiingia haraka zaidi, mapigo ya moyo huvurugika na yanaweza kusimama. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Nimemtibu mama mmoja aliyepoteza ngozi ya mkono kwa sindano ya namna hiyo hiyo. Na hiyo kalisiamu haihamii mfupani: muda si mrefu sehemu kubwa utaikojoa.

Goti la mtu wa umri wako mara nyingi linauma kwa sababu gegedu limesagika, na gegedu halijengwi kwa kalisiamu. Mfupa uliopungukiwa madini wenyewe mara nyingi hauumi mpaka siku unapovunjika. Ndiyo maana huwa nasema kwamba anayekuuzia kalisiamu kwa kuangalia maumivu anakisia, na anakisia kwa mwili wako.

Wauguzi mnaonisoma: kalisiamu ya mshipani na seftriaksoni, ile antibiotiki ya sindano, visikutane kwa mtoto mchanga, hata kwa mirija tofauti. Vinagandamana na vimeshaua.

Maziwa kwetu ni ghali. Sambaza, vile visamaki vya ziwa Kivu, zinatosha?

Zinasaidia sana, mradi uzile nzima, na miiba na kichwa. Ukizichambua umetupa kalisiamu yenyewe. Ongeza maharagwe na mboga za majani, maana bugali wa muhogo peke yake hauna cha maana cha kuupa mfupa.

Mimi ni mwalimu, Bagira. Kalisiamu yangu ilikuwa 2.9 wakaniambia hongera, mifupa imeshiba. Lakini nimetoa mawe ya figo mara mbili, na mwaka jana niliteleza tu nikavunjika kifundo cha mkono.

Mwalimu, hakuna hongera hapo. Kwa kipimo cha milimoli kwa lita, kawaida ni kama 2.2 hadi 2.6. Damu yako imejaa kwa sababu ghala linavuja. Karibu asilimia 99 ya kalisiamu ya mwili imo mifupani na menoni. Kiasi kidogo tu kikihamia damuni, unaona namba kama hiyo. Figo zinajitahidi kuitoa, nayo inaganda mawe. Na PTH, ile homoni ya vijitezi, ikikaa juu muda wote hula hasa gamba gumu la mfupa, kwa hiyo mkono karibu na kifundo huathirika mapema.

Rudia kipimo, na wasikufunge mpira mkononi kwa muda mrefu wakati wa kutoa damu, maana unapandisha namba kwa uongo. Wapime albumini pia, yaani protini ya damu inayobeba kalisiamu, na PTH kutoka damu ya siku hiyo hiyo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wenzangu: wanaona PTH "iko kawaida" wanafunga faili. Kalisiamu ikiwa juu, kijitezi chenye afya kinapaswa kunyamaza. Kikiendelea kusema, hata kwa sauti ya kawaida, kina kasoro. Kwa wagonjwa takriban wanane kati ya kumi ni kijitezi kimoja tu kilichovimba, mara chache sana kansa, na daktari wa upasuaji akikitoa mifupa huanza kujazika tena. Ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) ya shingo inamwonyesha tu pa kukata. Ugonjwa wenyewe unathibitishwa kwa damu.

PTH ikionekana imezama chini, watafute kwingine: kansa, kifua kikuu, au vitamini D iliyomezwa kupita kiasi. Mpaka hapo kunywa maji mengi, usimeze kidonge chochote cha kalisiamu, na kama unatumia haidroklorotiazidi kwa ajili ya presha, mwambie daktari, maana nayo inapandisha kalisiamu. Chakula cha kawaida usikiache. Ukijinyima, kijitezi kinachokozeka zaidi.

PTH yangu iko juu, kalisiamu iko sawa. Nipasuliwe?

Usikimbilie kisu. Pima kwanza vitamini D na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Mara nyingi vijitezi vinapiga kelele kwa sababu vina njaa: jua halifiki kwenye ngozi, chakula hakina kalisiamu, au figo zimechoka na haziwezi tena kuiamsha vitamini D.

Nina mimba, natamani udongo mweupe wa sokoni. Wanasema una kalisiamu.

Hauna. Ni alumini na silika, na unakunyang'anya madini ya chuma. Nimejibu swali hili mara nyingi mno. Ukienda CPN, kliniki ya wajawazito, uliza vidonge vya kalisiamu: Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito ambao chakula chao kina kalisiamu kidogo, ili kuzuia kifafa cha mimba.

Dada yangu alitolewa rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, wiki iliyopita. Midomo inamfanya ganzi, vidole vinakakamaa. Nyumbani wanasema amelogwa.

Mpeleke hospitali sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Vijitezi vyake vimeguswa au vimetolewa pamoja na rovu, na kalisiamu inaporomoka. Kinachofuata ni degedege. Hapa sindano niliyomkataza mama wa Kadutu ndiyo inayookoa maisha, ikichomwa polepole na watu wanaotazama moyo. Watu wa kisiwa cha Idjwi wamebeba rovu vizazi na vizazi. Nawasihi wapasuaji wetu: hakuna mgonjwa wa rovu anayepaswa kurudi nyumbani bila kuambiwa dalili hizi.

Nimesoma kwamba homoni hiyo hiyo inauzwa Ulaya kujenga mifupa. Inawezekanaje?

Swali zuri kuliko yote. Ikimwagika mchana na usiku, seli zinazobomoa mfupa hushinda. Ikija mara moja kwa siku kisha ikaondoka, zinazojenga huamka kwanza. Teriparatidi ni kipande cha homoni hiyo, asidi amino 34 za mwanzo kati ya 84 zinazoiunda, na Marekani iliiruhusu mwaka 2002. Ni sindano ya kila siku, ya gharama kubwa, inayotaka kukaa kwenye friji, na kwa umeme wetu hilo peke yake ni kazi. Mwenye kalisiamu iliyo juu haruhusiwi kuichoma. Mwalimu wa Bagira, hata ukiletewa na ndugu kutoka Ubelgiji, usiiguse.