Maswali ya wasomaji: Fredette alifeli NBA, au NBA ndo haikumfaa?

SWALI: Anko habari za kazi. Kuna kitu kinanisumbua kuhusu Jimmer Fredette, yule mcheza kikapu wa Marekani. Pale BYU, chuo kikuu cha kule Utah, jamaa alikuwa moto wa kuotea mbali, 2011 kabeba karibu tuzo zote za mchezaji bora wa vyuo Marekani, kaenda NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, hamna kitu, halafu kaenda China anafunga pointi 70 na ushee gemu moja. Sasa ligi ya China ni ya mchangani au jamaa alionewa?

JIBU: Salama mdogo wangu. Mchangani sio, na kuonewa nako tusiseme sana, maana nafasi alipewa.

Anza na chuo. Msimu wake wa mwisho BYU alikuwa anafunga karibu pointi 29 kwa gemu, hakuna aliyemfikia kwenye vyuo vikubwa vya Marekani mwaka ule, lakini angalia alikuwa anazifungaje: mpira anao yeye muda wote, anavuka nusu ya uwanja, hatua mbili tatu hivi anaachia kutoka mbali kabisa, ikiingia sawa isipoingia anapiga tena na kocha hasemi kitu. Hiyo ndo ilikuwa kazi yake. NBA hawakupi kazi hiyo ukiwa mgeni, labda uwe unamkaba mtu vizuri au una mbio za ajabu, na Jimmer kwenye kukaba alikuwa anapitwa kama mlango umeachwa wazi.

Bahati nayo haikumpenda. Alichaguliwa namba 10 kwenye drafti ya 2011, yaani pale timu za NBA zinapochagua vijana wapya kwa zamu, Milwaukee wakamtuma timu ya Sacramento usiku uleule. Klay Thompson alikuja namba 11 na Kawhi Leonard namba 15, yaani jamaa alitangulia hao wote waliokuja kuwa mastaa wakubwa. Tena Sacramento haohao wakaokota namba 60, mtu wa mwisho kabisa kwenye orodha, kijana mfupi anaitwa Isaiah Thomas, na huyo ndo akaja kumla nafasi! Makocha watatu walimpitia akiwa palepale. Msimu wa 2013-14 alikuwa anaingiza karibu nusu ya thrii zake, yale mashuti ya mbali ya pointi tatu, lakini dakika zenyewe za kuhesabu, mwaka uliofuata akiwa New Orleans akashuka chini ya asilimia 20. Mpigaji wa mbali akishuka hivyo anabaki na nini cha kumweka uwanjani? Akazunguka zunguka kwenye vikosi, 2016 akapanda ndege kwenda Shanghai Sharks, timu aliyokulia Yao Ming.

Kule sasa akarudishiwa ile kazi ya chuo. Timu za China zilikuwa zinaruhusiwa wachezaji wachache tu wa kigeni na muda wao uwanjani unabanwa kwa kanuni, kwahiyo ukimleta mmoja ukamlipa hela ya maana humleti apige pasi, unamleta afunge. Na gemu zao ni dakika 48, sio 40 kama za Ulaya. Msimu wa kwanza akapiga wastani wa pointi 37 na ushee, akawa mchezaji bora wa kigeni wa ligi. Februari 2017 akafunga 73. Novemba 2018 ndo ile ya 75, ambayo 40 kati ya hizo alizifunga robo ya mwisho peke yake, hebu fikiria, robo moja dakika 12 mtu anakupiga 40, na bado Shanghai wakafungwa kwa pointi moja, 137 kwa 136. Hata ile ya 73 walipoteza. Mi nikiona hivyo najiuliza wenzake walikuwa wanafanya nini, ila kusema kweli ule msimu wa kwanza walifika pleiofu, ile mtoano ya kutafuta bingwa, kwahiyo haikuwa namba za bure.

Machi 2019, ligi ya China upande wake umeisha, Phoenix ya NBA wakamwita. Gemu 6 tu, thrii zikamgomea. Walipoenda kucheza Utah, jimbo lenye chuo chake, mashabiki wa timu pinzani wakawa wanamshangilia kila akigusa mpira, kelele tupu, na mpira hauingii. Mi niliumia kwa niaba yake.

SWALI: Kaka, mbona Ugiriki hakuwaka kama China?

JIBU: Kwani alizima? Panathinaikos ya Ugiriki walimchukua 2019, akacheza EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya ambayo wengi tunaiweka ya pili baada ya NBA. Kule hata staa anakaa benchi, mpira unazunguka, difensi inakufuata mpaka mlangoni, kwahiyo pointi kumi na kitu kwa gemu ni kazi nzuri tu. Ukinibana sana nitakwambia hicho ndo kipimo chake halisi, mfungaji mzuri kwenye timu nzuri, sio yule wa 75 na sio yule wa Phoenix. Corona ikakata msimu katikati, Panathinaikos wakapewa ubingwa wa Ugiriki, na yeye akarudi Shanghai.

SWALI: Samahani anko, yupo wapi siku hizi? Niliambiwa alicheza Olimpiki nikabisha.

JIBU: Lipa dau mama, alicheza! Ila vikapu vya watatu kwa watatu, goli moja. Hapo kukaba kunakuwa kwingine na mtu wa kupiga mbali ana thamani mara mbili, maana kikapu cha mbali ni pointi 2 na cha karibu 1. Alikuwa na Marekani Paris 2024, bahati mbaya akaumia mapema na timu haina zaidi ya wachezaji wanne, wenzake ikabidi wamalize mashindano watatu bila wa kubadilishana, wakatolewa. Aprili 2025 akatangaza kustaafu.