Maswali ya Wasomaji: Filamu ya Kumfanya Mtalii Awe Mgeni Mwema

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza namna ya kutumia filamu na usimulizi ili watalii waheshimu mahali wanapotembelea. Tumejibu zile zinazogusa wengi.

Swali: Tulitengeneza filamu ya dakika nne kuhusu njia yetu ya mlimani. Tumeonyesha chupa zilizotapakaa, wageni wakichora majina kwenye mawe, na mimea iliyokanyagwa. Watu wanatazama, wanasikitika, kisha wanafanya yale yale. Tumekosea wapi?
*Mwongoza watalii*

Jibu: Filamu yenu inamwambia mgeni kwamba hapa kila mtu huharibu. Mtu akiwa ugenini hutazama wenzake wanafanya nini naye akafuata, na ninyi mmemwonyesha wenzake wakikosea dakika nne nzima. Jambo hili limepimwa. Katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, wageni walikuwa wakiiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliweka njiani vipande vyenye alama pamoja na mabango ya aina tofauti, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Palipokuwa na bango lililolalamika kwamba wageni wengi waliotangulia wameondoka na vipande, karibu asilimia 8 viliibwa. Palipokuwa na bango lililowaomba tu wasichukue, viliibwa chini ya asilimia 2.

Kwa hiyo ondoeni picha za taka. Mkitaka kubakiza moja, ifuatwe papo hapo na mkono wa mgeni unaoiokota.

Kosa la pili ni kubeba mambo matatu kwa mpigo. Chagueni tendo moja ambalo mgeni anaweza kulifanya siku hiyo hiyo, bila gharama, na ambalo jicho linaliona. "Tunza mazingira" hairekodiki. "Rudi na chupa yako mpaka getini" inarekodika. Kabla ya kurekodi nendeni mkalitazame pipa la hapo getini. Kama limejaa au halipo, mgeni mliyemwomba arudi na chupa atawaona hamko makini, na ombi lenu linalofuata hatalisikiliza.

Swali: Sisi ni vijana wenye simu moja na hatuna mfadhili. Tunaweza kutengeneza filamu ya maana? Tuanzie wapi?
*Kikundi cha vijana wa pwani*

Jibu: Simu inatosha. Filamu nyingi za simu huangushwa na hadithi na sauti, si picha, basi tuanzie huko.

Sekunde 90 zinabeba mtu mmoja, anayetaka kitu kimoja, na uamuzi mmoja. Tuseme mgeni amekuja ufukweni usiku akitaka picha ya kasa anayetaga. Kasa akimulikwa wakati anapanda mchangani, mara nyingi hugeuka akarudi baharini bila kutaga. Sekunde 10 za kwanza tuione hamu ya mgeni: simu mkononi, kidole juu ya kitufe cha taa. Kutoka hapo hadi sekunde ya 40 kasa anakaribia, na mwongoza watalii ananong'ona sababu kwa sentensi moja, bila kukaripia. Kisha uamuzi: simu inaingia mfukoni na skrini yote inakuwa nyeusi. Mtazamaji anasikia mapezi yakirusha mchanga na pumzi nzito ya kasa. Katika sekunde 20 za mwisho kumekucha, kuna alama mbili za kasa mchangani, ya kupanda na ya kurudi majini, na ombi linatokea: "Zima taa, kaa nyuma ya mwongoza watalii." Mmeona kwamba filamu hii haihitaji kummulika kasa hata mara moja. Filamu inayovunja sharti inalolihubiri ni heri isitengenezwe.

Gawanyeni karatasi safu mbili, kushoto kinachoonekana na kulia kinachosikika. Maneno ya msimulizi yasizidi 120 kwa sekunde 90 zote, kwa sababu maneno ya Kiswahili ni marefu na ukimya nao unahitaji nafasi. Someni kwa sauti huku saa inahesabu.

Amueni mapema kama simu italala au itasimama. Picha iliyolala ikikatwa iwe ya kusimama hupoteza takriban theluthi mbili ya kilichomo, na mara nyingi kinachopotea ni mtu wa pili kwenye mazungumzo. Kila picha ishikeni sekunde 10 bila kusogea, hata kama mtatumia 3 tu. Bonyezeni uso wa mhusika kwenye skrini mpaka fokasi na mwanga vifungwe, la sivyo picha itabadilika kila wingu linapopita.

Ufukweni upepo huharibu sauti. Tumieni maikrofoni ndogo ya kubana nguoni, yenye kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo, shubiri moja chini ya kidevu. Rekodini pia sekunde 30 za sauti ya mahali penyewe bila mtu kusema, zitaziba mapengo wakati wa kuhariri. Mwisho wekeni maandishi chini ya picha, yasizidi mistari miwili, maana wengi hutazama wakiwa wamezima sauti. Kwenye skrini nyeusi ya hadithi yetu andikeni: "Kasa anachimba." Bila hayo mtazamaji atadhani simu yake imekwama.

Swali: Filamu ionyeshwe wapi? Yetu ipo mtandaoni tu.
*Meneja wa nyumba ya wageni*

Jibu: Ionyesheni karibu kabisa na tendo, mgeni akiwa amekaa na hana la kufanya: kwenye boti kabla ya kushuka, kwenye basi, kwenye foleni ya tiketi. Palau, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, walianza kufanya hivyo Desemba 2017. Abiria wanaokwenda huko huonyeshwa filamu fupi ndani ya ndege, na wakifika husaini ahadi iliyogongwa muhuri kwenye pasipoti, inayowaahidi watoto wa nchi hiyo kwamba mgeni atatunza visiwa vyao. Mkosaji ndani ya filamu ni jitu moja tu lisilojua, na watoto ndio wanaolirekebisha. Mtazamaji anaona kosa bila kuambiwa kwamba kila mtu hulifanya. Kisha kalamu inamfikia mkononi kabla hajasahau.

Swali: Mtayarishaji anataka kurekodi ngoma zetu na wavuvi wetu. Anasema makubaliano hayana haja kwa kuwa anatusaidia.
*Mzee wa kijiji*

Jibu: Shikamoo, mzee wetu. Msikubali. Makubaliano yaandikwe na yasomwe kwa sauti katika lugha mnayoielewa wote: nani atarekodiwa, itaonyeshwa wapi na kwa miaka mingapi, malipo ni kiasi gani na yanatolewa lini, nani atahifadhi picha ambazo hazijatumika. Tajeni waziwazi visivyorekodiwa, kama maeneo ya ibada, misiba, na mtoto ambaye mzazi wake hajaridhia.

Kifungu tunachowasihi msikiache ni cha kuiona filamu kabla haijakamilika, mpewe angalau siku 7 za kutoa maoni. Madhara makubwa hutokea kwenye chumba cha kuhariri, pale sauti ya mgeni inapowekwa juu ya nyuso zenu na kusema msichokisema. Ombeni msimulizi awe mmoja wenu.

Swali: Mtangazaji wetu anataka kuonekana akimshika mnyama mchanga ili filamu ipendwe. Tumruhusu?

Jibu: Hapana. Watazamaji wataomba nao wamshike. Kumbukeni video za loris, mnyama mdogo wa usiku wa Asia, akitekenywa huku ameinua mikono. Watu waliona furaha. Ule ni mkao wa kujihami, anaisogeza mdomoni tezi ya sumu iliyo ndani ya kiwiko.

Swali: Je, filamu nzuri haitatuletea umati?

Jibu: Inaweza. Maya Bay ya Thailand ilipata umaarufu kupitia filamu ya mwaka 2000. Wageni walifika hadi 5,000 kwa siku, na Juni 2018 ikafungwa ili matumbawe yapumzike. Ilipofunguliwa Januari 2022, boti hazikuruhusiwa tena kuingia ghubani. Kwa hiyo msitaje jina la mahali padogo, taja eneo pana. Futeni taarifa za GPS (zinazoonyesha picha ilipigwa wapi) kwenye picha kabla ya kuzituma, hasa za faru, kwa sababu majangili nao wanazisoma. Epukeni picha ya droni inayofichua njia yote ya kufika.

Swali: Tutajuaje kama imefanya kazi?

Jibu: Msihesabu waliotazama, hesabuni tendo. Kwa wiki nne rusheni sarafu kila asubuhi: upande mmoja filamu inaonyeshwa, upande mwingine haionyeshwi. Jioni mtu asiyejua sarafu iliangukaje ahesabu chupa zilizorudi getini, na aandike pia idadi ya wageni wa siku hiyo. Gawanyeni chupa kwa wageni, kisha linganisheni siku za filamu na siku zisizo na filamu. Mkilinganisha mwezi huu na uliopita tu, mvua au sikukuu itawadanganya.